TUSIYAFICHE MARADHI KWA KUOGOPA KUFUNGIWA

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuteremsha maradhi na Mwenye kuteremsha dawa yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Maswahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, kila inapotangazwa khabari ya maradhi mapya ya kuambukiza, iwe ni ndani ya nchi yetu au kwa jirani zetu, swali la kwanza linalosikika katika baraza za misikiti yetu, kuanzia Somanga mpaka Lindi mjini, aghalabu huwa haliyahusu maradhi yenyewe. Ni wachache wanaouliza yanaambukiza vipi, au ni nani aliye katika hatari zaidi, au mgonjwa akipatikana apelekwe wapi. Walio wengi huuliza: je, tutafungiwa? Swali hili lilikuwa vinywani mwa watu mwanzoni mwa mwaka 2021, wimbi la pili la korona lilipoingia. Likarudi tena Januari 2025, ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera, ingawa Kagera na Kilwa ni magharibi na mashariki ya nchi.

Swali hilo si la kupuuzwa, na anayeliuliza hastahiki kukemewa. Mvuvi wa Kilwa Masoko asiyeingia baharini leo hana cha kupika leo. Mama anayeshuka mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza hana mshahara utakaomngoja mwisho wa mwezi. Hata hivyo khofu hiyo ikiachwa itawale nyoyo, huzaa maradhi ya pili yaliyo mabaya kuliko ya kwanza, nayo ni kuficha. Mtu huficha homa yake, familia huficha sababu ya msiba wake, imamu hunyamaza juu ya mimbari, na wenye mamlaka hunyamaza juu ya takwimu. Tahariri yetu ya mwezi huu inataka kusema jambo moja tu: kuficha maradhi hakuwaepushi watu na kufungiwa, bali huwapeleka huko huko kwa njia ndefu zaidi na yenye makaburi mengi zaidi.

WIMBI LILILOKUJA KIMYA KIMYA

Tuyakumbushe yaliyopita, kwani ukumbusho huwafaa waumini. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata ikaamriwa shule zifungwe, vyuo vikafuatia, na mikusanyiko ya michezo ikasimamishwa. Lakini nyumba za ibada hazikufungwa, masoko hayakufungwa, wala raia wa Tanzania Bara hawakukatazwa kutoka majumbani mwao. Vyuo na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea masomoni tarehe 1 Juni 2020, na shule zilizobaki tarehe 29 ya mwezi huo huo. Kwa hiyo, tukipima kwa mizani ya haki, kufungiwa tunakokuogopa sisi wa pwani ya kusini hatukukuonja kama walivyokuonja wenzetu. Tunaiogopa khabari yake kuliko tulivyowahi kuliona tendo lenyewe.

Kilichotokea kwetu kilikuwa ni kitu kingine. Takwimu za mwisho kutolewa, mwanzoni mwa Mei 2020, zilionesha wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo pakawa kimya. Mwezi Juni ikatangazwa kuwa nchi imesalimika kwa sababu ya dua, na watu wakafurahi, nayo ni haki yao kufurahi. Ndoo za maji milangoni zikakauka, barakoa zikasahauliwa, na aliyeendelea kujihadhari akaonekana ni mtu mwenye imani dhaifu.

Kisha mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2021 maradhi yakarejea. Mwishoni mwa Januari Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini wao juu ya wimbi jipya. Tunalitaja hili kwa insafu, kwani hekima ni kitu alichokipoteza muumini, akiiona popote huichukua. Huku kwetu misiba ya wazee ilikuwa ikitangazwa kwa maneno ya kuzunguka: nimonia, presha, changamoto ya upumuaji. Kila mtu alijua kinachokusudiwa, wala hakuna aliyekitaja kwa jina lake. Tarehe 21 Februari 2021 ndipo raia walipohimizwa tena na serikali kuvaa barakoa, na wengi wa waliokuwa wakizihitaji zaidi walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Hatuandiki haya ili kumhukumu aliyekwenda kwa Mola wake. Hesabu yake iko kwa Mwingi wa Rehema. Tunayaandika kwa kuwa kimya kile kilishirikiwa na wengi, kuanzia ofisi kubwa mpaka vibaraza vidogo, na kwa kuwa kitarudi tena kisipotajwa. Januari 2025 khabari za Marburg Kagera zilipoanza kusikika, jibu la kwanza lilikuwa ni kwamba vipimo havikuonesha maradhi hayo. Tarehe 20 ya mwezi huo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alipotangaza kuwa yamethibitishwa. Baada ya kutajwa waziwazi yalifuatiliwa mtu kwa mtu, na tarehe 13 Machi 2025 ikatangazwa kuwa mripuko umekwisha. Nchi haikufungwa, mikoa haikufungwa. Ukweli ulipotoka ndio uliofanya kazi ambayo watu waliogopa ingefanywa na kufuli.

MFANO WA MAALIM SEIF

Katikati ya kimya cha mwaka 2021 ilisikika sauti moja inayostahiki kukumbukwa. Maalim Seif Sharif Hamad, mtu wa Pemba, wakati huo alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Mwishoni mwa Januari chama chake cha ACT-Wazalendo kiliutangazia umma kwamba yeye na mkewe wameambukizwa korona. Hakikusema nimonia, wala hakikusema uchovu wa kazi. Tarehe 17 Februari 2021 akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili akiwa na umri wa miaka 77, na akazikwa kwao Mtambwe.

Je, kutajwa kwa maradhi yake kulimpunguzia nini? Heshima yake haikupungua hata chembe, na waliomlilia hawakupungua hata mmoja. Bali kila aliyekaa naye siku zile alipata kujua kuwa anapaswa kujiangalia, na kila mzee wa pwani hii aliyesikia khabari ile alijua kwamba maradhi yapo, yametajwa jina na mtu asiyekuwa na sababu ya kuzua. Huo ni wema aliowafanyia watu akiwa kitandani. Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu na amkubalie.

Tuulinganishe mfano huo na khofu ya familia nyingi. Wengi walificha kwa sababu moja ambayo ni lazima itajwe, nayo ni janaza. Khabari za mazishi ya usiku, maiti akibebwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, zilienea mwaka 2020 mpaka vijijini. Mtoto akaona ni afadhali aseme baba amekufa kwa presha, ili aoshwe na jamaa zake, avishwe sanda na aswaliwe, kuliko kusema kweli akanyang'anywa maiti yake. Khofu hii ina asili yake katika dini, kwani kumuosha na kumswalia Muislamu ni faradhi ya kutosheleza juu yetu. Lakini tiba yake haiwi kusema uongo. Tiba yake ni kujua fiqhi. Maiti wa maradhi ya kuambukiza huoshwa na watu wachache waliojikinga kwa glavu na barakoa. Ikishindikana kumuosha bila ya madhara, wanazuoni wamebainisha kuwa hutayamamishwa. Likishindikana na hilo, faradhi isiyowezekana huwaondokea waja, na swala hubaki. Swala ya janaza husihi kwa watu wachache, na waliokosa kuhudhuria wanaweza kumswalia kaburini. Isitoshe, Mtume (S.A.W.) alimhesabu anayekufa kwa tauni kuwa ni katika mashahidi, na wapo wanazuoni wa zama hizi waliotarajia daraja hiyo kwa waliokufa kwa maradhi haya. Inakuwaje basi watu wakione aibu kifo kinachotarajiwa kuwa ni shahada?

PWANI HII INAYAJUA MAWIMBI

Wapo wanaodhani kwamba mawimbi ya maradhi ni jambo jipya lililoletwa na zama za ndege. Historia ya Kilwa inawajibu. Katika karne ya 19 kipindupindu kiliipiga pwani hii zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 1859 Mwingereza Richard Burton alifika Kilwa akakikuta kikiua, akaandika juu ya maiti walioachwa ufukweni bila ya kuzikwa. Tuyazingatie maneno hayo, enyi ndugu. Mji wa Waislamu, wenye misikiti na wenye elimu, ulifikishwa na maradhi mahali ambapo walio hai hawakuweza tena kuwatimizia wafu haki yao. Hilo ndilo linalotokea wimbi linapowazidi watu nguvu. Anayeogopa kupunguza idadi ya watu katika janaza moja leo, na aogope zaidi siku ambayo hapatakuwa na wa kuchimba makaburi.

Miaka kumi baadaye kikarudi. Safari hii kilitoka kaskazini kwa njia ya bara, kikapita nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kikaingia Unguja, kisha katika mwaka 1869 na 1870 kikateremka kusini na kuifikia Kilwa. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja, aliweza kuichora njia hiyo yote na kuichapisha katika kitabu mwaka 1876. Aliwezaje? Aliwauliza watu wa misafara na mabaharia, wakamwambia walikopita na walichokiona. Elimu yote ile ilisimama juu ya watu waliosema kweli.

Na baada ya hapo yakaja mafua makubwa ya mwaka 1918. Duniani kote wimbi lake la kwanza lilikuwa jepesi kiasi, watu wakadhani yamepita. Wimbi la pili, lililoanza mnamo Agosti mwaka huo, ndilo lililoua zaidi, na likaingia Afrika Mashariki wakati askari na wapagazi wa Vita Kuu wakirejea makwao wakiwa wamedhoofu kwa njaa na kazi nzito. Wimbi la pili huwakuta watu wamechoka kujihadhari. Hatari yake iko hapo.

IBN BATTUTA, IBN HAJAR NA DUA YA UWANJANI

Kila mtoto wa Kilwa anajua kwamba msafiri Ibn Battuta aliutembelea mji wetu mwaka 1331, akausifu uzuri wake na ukarimu wa sultani wake. Ni wachache wanaojua kwamba msafiri huyo huyo, miaka 17 baadaye, alikuwapo Damascus tauni kubwa ilipoingia, mwaka 749 Hijria. Ameeleza jinsi watu wa mji ule walivyofunga siku tatu, kisha wakatoka kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, wakiwa miguu mitupu na misahafu mikononi, wakaenda kuomba kwenye msikiti ulio nje ya mji. Yeye aliona kuwa Mwenyezi Mungu aliwapunguzia balaa kwa sababu ya dua ile.

Lakini wako wanazuoni walioliangalia jambo hilo kwa jicho jingine. Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari na mwenye Bulughul Maram inayosomeshwa katika madrasa zetu, alitunga kitabu kizima juu ya tauni, akakiita Badhlul Maa'un. Hakukiandika akiwa amekaa mbali na msiba, kwani yeye mwenyewe alifiwa na mabinti watatu kwa tauni. Ameeleza kwamba mwaka 833 Hijria tauni ilipoingia Kairo, wafu kwa siku walikuwa hawajafika 40. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani, wakakusanyika na kuomba kama wanavyokusanyika katika swala ya kuomba mvua, kisha wakarejea majumbani. Mwezi haukuisha ila wafu wamezidi 1,000 kwa siku.

Ibn Hajar hakusema dua haifai. Haashaa! Dua ni ibada, na toba ni wajibu wa kila wakati. Alichokikataa ni mkusanyiko ule usiokuwa na asili katika mwenendo wa Maswahaba, ambao tauni iliwafika nao wakiwa ndio wachamungu zaidi kuliko watu wote, wala hawakuufanya. Tuangalie pia njia aliyoitumia: alihesabu. Mwanachuoni wa hadithi, mtu wa isnadi, hakuona kuwa ni upungufu wa imani kuhesabu wafu wa kabla na wafu wa baada, na kuwaandikia Waislamu alichokiona ili wajifunze. Kuhesabu ni katika amana ya elimu. Asiyetaka kuhesabu hataki kujua.

UMAR (R.A.) NA QADAR

Asili ya mlango huu iko kwa Maswahaba wenyewe. Umar bin Khattab (R.A.) alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa khabari kuwa tauni imeingia huko. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawashauri, wakakhitilafiana. Akawaita Answari, nao wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kiquraishi waliohajiri mwaka wa ufunguzi wa Makka, hao wakawa na kauli moja kwamba arejee na watu. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza iwapo anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia qadar ya Allah kuiendea qadar ya Allah nyingine, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremkia bonde lenye upande wa rutuba na upande mkavu: popote atakapochunga, anachunga kwa qadar ya Allah. Ndipo alipokuja Abdur-Rahman bin Auf (R.A.) na hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia nchi iliyofikwa na tauni na inayokataza kuikimbia kwa aliyemo ndani yake.

Katika kisa hiki mna mambo matatu. La kwanza, khabari ilimfikia kiongozi kabla hajaingia mjini, wala hakuna aliyemficha ili asikhofu. La pili, uamuzi ulipitia shura, na aliyepinga alisikilizwa. La tatu, kujitenga na maradhi kumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kabla halijatungwa neno karantini. Tauni ile ya Amwas, mwaka 18 Hijria, ilimchukua Abu Ubayda, kisha ikamchukua Muadh bin Jabal. Baada yao Amr bin Aas (R.A.) akawaamuru watu watawanyike milimani, Allah akaiondoa, na Umar ilipomfikia khabari ya hilo hakulichukia.

Hali kadhalika Mtume (S.A.W.) aliupokea utiifu wa mtu mwenye ukoma katika ujumbe wa Thaqif kwa kumtumia salamu kuwa amekwisha kumkubalia na arejee zake. Alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wenye ngamia wazima. Na aliyekula kitunguu thaumu alimkataza kuukaribia msikiti kwa sababu ya harufu inayowaudhi wenzake. Wanazuoni kama Ibn Abdil-Barr wakajenga juu ya hadithi hii kwamba kila mwenye kuwaudhi watu msikitini huzuiwa mpaka udhia wake uondoke. Basi ikiwa harufu ya kitunguu ni udhuru, kifua chenye kuambukiza mauti kitakuwa nini?

KHOFU YENYE HAKI YAKE

Tukiyasema haya, hatumaanishi kuwa kila kufunga ni kwema. Yaliyowapata jirani zetu ni mazito. Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa kutoka na kuingia watu tangu Aprili 2020, na Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa peke yake mwezi Mei, katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441. Misikiti ya Kenya ilifungwa tangu Machi na ikaanza kufunguliwa kwa masharti mwezi Julai. Uganda ilifunga tena mwezi Juni 2021, na baadhi ya watoto wake hawakurejea madarasani mpaka Januari 2022, takriban miaka miwili. Mtoto aliyekosa masomo kwa muda huo amepata hasara isiyolipika kwa urahisi.

Sisi wenyewe tumeonja kufungwa kwa namna nyingine. Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, na mabasi na malori yakasimama. Kila mwenye duka na kila mwenye mgonjwa wa kupelekwa mbali alijua maana ya njia kuzibika. Kwa hiyo hatumlaumu anayeogopa. Tunachomwambia ni kwamba aliangalie jambo ambalo watu wa pwani hii wanalijua vizuri kuliko waandishi wa vitabu.

Vipo vijiji vyetu, Songo Songo kikiwa mojawapo, vilivyokubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa muda wa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mwamba ndio riziki ya watu, hususan kina mama, na bado walikubali kuufunga. Kwa nini? Kwanza, waliambiwa sababu wakaielewa. Pili, waliamua wenyewe katika mkutano wa kijiji. Tatu, ilijulikana siku ya kufunga na siku ya kufungua. Nne, mwamba mwingine uliachwa wazi ili watu wasife njaa. Kufunga kwenye sifa hizi nne watu hukuvumilia na hata kukulinda. Kufunga kusikokuwa nazo, watu hukukimbia usiku kama wanavyokimbia doria.

Hapa ndipo ilipo haja ya ukweli. Anayetaka kufungwa kuwe kwa muda mfupi, kwa mahali padogo na kwa watu wachache, hana budi aijue khabari mapema, wagonjwa wangali watatu au wanne. Khabari ikifichwa mpaka wagonjwa wawe mia, hakuna tena cha kuchagua. Nyumba moja iliyojitenga kwa wiki mbili huuokoa mtaa, na mtaa ukijitenga huuokoa mji. Aliyeficha homa ya nyumba yake ili asifungiwe yeye, ndiye aliyewafungia wenzake.

YANAYOTAKIWA MISIKITINI MWETU SASA

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa hali ya dharura ya korona imekwisha. Wakati wa utulivu kama huu ndio wakati wa kujiandaa, kwani nahodha hushona tanga lake kabla ya kusi kuvuma. Tunazinasihi kamati za misikiti ya Kilwa, Lindi na vitongoji vyake mambo yafuatayo.

Kwanza, kila kamati imteue mtu mmoja mwaminifu wa kuwasiliana na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ili khabari itakayosomwa juu ya mimbari iwe ni khabari iliyothibitishwa. Allah (S.W.) ametuamrisha kuzihakiki khabari, na ujumbe wa simu usiojulikana aliyeutuma haufai kuwa khutba. Khatibu akiithibitisha khabari, basi aiseme kwa jina lake.

Pili, madirisha. Maradhi ya kifua huenea kwa pumzi katika chumba kilichozibwa. Mababu zetu walijenga misikiti yenye baraza na milango mingi inayopitisha upepo wa bahari. Leo tunaziba madirisha kwa vioo kisha tunanunua feni. Yafunguliwe. Wakati wa maradhi watu waswali barazani na uwanjani, khutba ifupishwe, kila mtu aje na msala wake, na kopo moja la kunywea watu wote liondolewe mtungini.

Tatu, mgonjwa aambiwe waziwazi kuwa kubaki nyumbani si dhambi, ni ibada. Mtume (S.A.W.) alimuamuru mwadhini wake usiku wa baridi na mvua awatangazie watu waswali majumbani, na Kuwait iliufuata mwenendo huo katika adhana zake mwezi Machi 2020. Imethibiti kuwa mgonjwa huandikiwa ujira wa amali alizokuwa akizifanya akiwa mzima. Na anayebaki mahali pake kwa subira wakati wa tauni, akitaraji malipo na akijua kuwa halitompata ila aliloandikiwa, ana mfano wa ujira wa shahidi. Basi mzee wetu mwenye presha na sukari aliyezoea safu ya kwanza kwa miaka 40 asione kuwa amefukuzwa. Safu yake iko pale pale kwa Mola wake.

Nne, mfuko. Hili ndilo zito kuliko yote, na pasipo hili yaliyotangulia ni maneno matupu. Huwezi kumwambia mvuvi, dereva wa bodaboda au mama lishe ajitenge kwa siku 14 kisha ukamwachia watoto wenye njaa. Kila msikiti uwe na orodha ya nyumba zisizokuwa na akiba: wajane, mayatima, vibarua. Kila mkulima atakayelipwa baada ya mnada wa ufuta au korosho atenge sadaka yake, hata kama ni ndogo, na ihifadhiwe kwa hesabu iliyo wazi kwa ajili ya siku hiyo. Nyumba itakayotangaza ugonjwa wake ipelekewe unga, mchele na samaki mlangoni. Mtu akijua kuwa atalishwa, atasema kweli. Akijua kuwa atatengwa na kusengenywa, ataficha, nasi tutakuwa washirika wake katika kuficha huko.

Tano, dawa. Kujifukiza, asali na habbat sauda ni vitu vyenye kheri, wala hatuvikatazi. Lakini anayepumua kwa tabu haachwi chini ya blanketi la nyungu mpaka usiku wa manane. Ni wajibu apelekwe hospitali mchana, angali ana nguvu ya kuketi. Na chanjo, ambazo zilianza kutolewa nchini Julai 2021, ziulizwe kwa matabibu, na kila mtu aamue kwa elimu, si kwa uvumi wa vijiweni. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Sita, madrasa. Walimu wapange tangu sasa namna ya kuwasomesha watoto kwa makundi madogo chini ya miti, ili siku ya dharura somo la Qur'ani lipunguzwe lakini lisikatike.

TAMATI

Enyi ndugu Waislamu, misikiti ya Makka na Madina, mahali patukufu kuliko pote duniani, ilipunguza waja wake. Umra ilisimamishwa Februari 2020, na hija ya mwaka huo ikahudhuriwa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Mwaka 2021 wakawa 60,000, na mwaka uliofuata wakafunguliwa milioni moja. Kulikuwa na kufunga, kisha kukawa na kufungua. Al-Kaaba haikupungukiwa na utukufu wake, wala Waislamu hawakutoka katika dini yao.

Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba kujihadhari ni udhaifu wa imani, wala asitokee mwingine akadhani kuwa kufuli peke yake litamwokoa. Tunamtegemea Allah, tunasema kweli, tunamlisha aliyejitenga, tunamzika aliyekufa kwa haki yake na tunalitaja maradhi lililomuua. Wimbi likija, na likute watu wanaoambiana khabari.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wote waliotangulia katika misiba ile, waliotajwa na wasiotajwa, awaponye wagonjwa wetu, na ailinde miji yetu na balaa lililo dhahiri na lililofichika. Wabillahi tawfiq.